Watu 2,400 wanawezaje kusemea nchi nzima?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Shinyanga. Kila nikisoma matokeo ya utafiti wa maoni nakuta wamehojiwa watu 2,400, wakati sensa ya 2022 ilituhesabu 61,741,120. Sijawahi kuhojiwa, wala simjui aliyehojiwa. Diwani wetu anasema hizo ni takwimu za mezani. Je, kuna hesabu hapo au tunapigwa? Na je, naweza kuzitumia kuusemea mkoa wetu?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Hesabu ipo, na unaweza kuifanya ubaoni. Chukua idadi ya waliohojiwa, tafuta kipeuo chake cha pili, kisha gawanya 1 kwa jibu hilo. Kwa 2,400 unapata 0.02, yaani asilimia 2 juu au chini. Hilo ndilo kosa: kiasi ambacho jibu la utafiti linaweza kupishana na ukweli wa nchi. Idadi ya watu wa nchi haikuingia popote. Watu 2,400 wana kosa lilelile Zanzibar, Tanzania nzima au India. Ukitaka kosa lishuke hadi asilimia 1 itabidi uhoji watu 9,600, na gharama inapanda karibu mara nne. Ndiyo maana Afrobarometer, mtandao wa utafiti wa maoni walioanza kazi hii Afrika mwaka 1999, huishia kwenye 1,200 au 2,400.

Sharti ni moja: watu hao wapatikane kwa nasibu kweli, yaani kwa bahati tu, bila mtu kuwachagua wala wao kujichagua. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilikusanya kura za mfano zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba Landon atamshinda Roosevelt katika uchaguzi wa urais. Roosevelt akashinda majimbo 46 kati ya 48. Majina yalikuwa yametolewa kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, na waliorudisha karatasi walijichagua wenyewe. Zile kura za redio na WhatsApp za "tuma jibu lako" zina ugonjwa huohuo, hata wakijibu watu laki tano.

Uwanjani kazi huenda hivi. Maeneo ya kuhesabia watu yaliyochorwa kwa ajili ya sensa huchaguliwa kwa nasibu, yenye watu wengi yakipewa nafasi kubwa zaidi. Kila eneo wanahojiwa watu wanane. Mhoji anaripoti kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji, anapangiwa pa kuanzia, anahesabu kaya, anapiga hodi. Baba mwenye nyumba anavuta kiti, anakohoa kidogo, tayari kujibu. Tableti ya mhoji, inayochagua kwa nasibu nani wa kuhojiwa katika kaya, inamtaja binti wa miaka 19 anayeosha vyombo uani. Hapo ndipo kazi huharibika au kupona: mhoji akimwachia baba kwa heshima tu, binti hana tena sauti kwenye takwimu za taifa. Kama hayupo, anarudiwa baadaye. Mtu mwingine wa kaya hiyo hawezi kushika nafasi yake. Kuhusu wewe kutohojiwa, nafasi yako ni chini ya moja kwa elfu kumi, kwa hiyo usijisikie umetengwa.

Diwani angeuliza habari ya hofu ningemsikiliza zaidi. Mwisho wa dodoso la Afrobarometer mhojiwa huulizwa anadhani nani amemtuma mhoji, na si wachache wanaojibu: serikali. Mtu wa namna hiyo akiulizwa kuhusu viongozi, ulimi unaelekea kwenye sifa, na kosa hilo halimo ndani ya ile asilimia 2.

Takwimu hizi zina uzito, la sivyo zisingegombewa. Mwaka 2018 shirika la kiraia la Twaweza walitoa matokeo ya utafiti wao wa Sauti za Wananchi, yanayokusanywa kwa simu: waliokubali utendaji wa Rais Magufuli walikuwa asilimia 96 mwaka 2016, 71 mwaka 2017, na 55 mwaka 2018. COSTECH, tume ya serikali ya sayansi na teknolojia, wakawataka wajieleze kuhusu kibali cha utafiti. Mwaka huohuo Sheria ya Takwimu ikakazwa dhidi ya wanaotoa takwimu zinazopingana na za serikali, ikalegezwa 2019. Kwa hesabu ya ubaoni, waliohojiwa na Twaweza, 1,200 na ushee, wana kosa la asilimia 3 hivi. Kushuka kwa pointi 16 hakuelezeki kwa kosa hilo.

Sasa mkoa wako. Tuseme Shinyanga ilipata maeneo kumi, yaani watu 80. Kipeuo chake ni karibu 9, kwa hiyo kosa ni asilimia 11. Ukisoma 52, ukweli unaweza kuwa 41 au 63, na kwa kuwa majirani wanane hufanana mawazo, kosa halisi ni kubwa zaidi. Kwenye kikao cha kata usiitaje. Kwa takwimu za ngazi ya mkoa tafuta tafiti za Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) zilizopangwa hivyo tangu mwanzo, kama ule wa afya ya uzazi na mtoto na viashiria vya malaria wa 2022, uliofika kaya zaidi ya 15,000. Ila huo utakuambia habari za chanjo na vyandarua. Nani anapendwa hauulizi.