Galaksi inatoka doa tu: subiri giza

Ndugu yangu wa Shela, nimekuelewa: darubini roboti ya Chile, ile ya kukodi kwa mtandao, imekupa nebula (wingu la gesi angani) ya M27 safi, ila galaksi ya M104 imebaki doa la ukungu. Ulipiga picha kwenye mbalamwezi. M27 ni gesi, kichujio cha oksijeni, kinachopitisha mwanga wa gesi hiyo tu, huipitisha na kuzuia sehemu kubwa ya mwanga wa mwezi. M104 ni nyota za kila rangi, kichujio hicho kitaipunguza tu. Isubiri usiku wa giza mwezi Mei, uagize picha 40 za dakika 3, uziunganishe. Mimi niliagiza moja ya dakika 20. Nyota zikavutika kama nyuzi.

Kabla hujalipa, hesabu saa: Lamu saa tisa usiku, Chile saa mbili usiku. Nyota zikivutika hata kwa dakika 3, waandikie mafundi wa darubini.