Baba ana saratani ya kongosho: afuate mazoezi ya kwenye simu au apumzike?

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 61 na ana saratani ya kongosho. Kila baada ya wiki mbili anawekewa dripu za kemotherapia ili uvimbe upungue, kisha afanyiwe upasuaji. Hospitali imemwekea kwenye simu programu ya mazoezi ya nyumbani yenye video, wakampa na saa ya mkononi ya kuhesabu hatua. Mara moja kwa wiki mtaalamu humpigia kwa video. Lakini baba amekonda sana. Mama anasema mazoezi yatammalizia mwili uliobaki. Na siku ambazo baba hawezi kuinuka, simu inamkumbusha kwamba hajatimiza hatua zake, naye anaona aibu. Tumwache apumzike? – Binti yake

JIBU: Marahaba, mwanangu. Poleni sana, na mama mfikishie pole zangu. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, si daktari wa dawa, kwa hiyo nitashika upande wangu: mwili wa baba na namna ya kuutunza hadi siku ya upasuaji.

Mama ameona jambo la kweli, ila kitanda hakitamsaidia baba. Mgonjwa wa saratani ya kongosho hakondi kama mtu aliyekosa chakula tu. Ugonjwa wenyewe huufanya mwili uvunje misuli, hata akiwa amelala. Tena kongosho likidhoofika halitoi vimeng'enya vya kutosha kusaga mafuta, chakula kinapita bila kufyonzwa. Kulala siku nzima hakuzuii hayo, na misuli isiyotumika huzidi kupungua. Hiyo misuli ndiyo itakayomsaidia kuketi, kukohoa na kusimama baada ya kupasuliwa.

Kwa hiyo anzeni na chakula. Mkiona choo chake kina mafuta, kinaelea na kinanuka kupita kawaida, waambieni madaktari upesi, kabla ya kuongeza zoezi lolote. Kama ameandikiwa vidonge vya vimeng'enya, avimeze pamoja na chakula, asisubiri hadi amalize.

Kisha angalieni ndani ya programu yake. Hatua zinavutia macho kwa sababu zinahesabika, lakini kwa mtu anayepoteza misuli mimi natilia mkazo mazoezi ya nguvu: kuketi na kusimama kwenye kiti, kuvuta utepe wa mpira wa mazoezi, kusukuma ukuta, kuinua visigino huku ameshika meza. Afanye mara mbili kwa wiki, asiunganishe siku, na asibane pumzi anapotumia nguvu. Katika hospitali ya MD Anderson, Houston, Marekani, wagonjwa wa saratani hii waliokuwa wakiandaliwa kwa upasuaji walipewa mpango wa nyumbani wa angalau dakika 60 za mazoezi ya moyo na mapafu kwa wiki, kama kutembea kwa kasi ya wastani, na dakika 60 za mazoezi ya nguvu. Si lazima baba afike huko wiki hii. Dakika kumi asubuhi na kumi jioni ni mazoezi kamili.

Sasa hiyo simu. Kule Heidelberg, Ujerumani, wagonjwa wa saratani ya kongosho walifanya mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki kwa miezi sita, wengine wakisimamiwa, wengine wakiwa peke yao nyumbani. Waliosimamiwa ndio walionufaika zaidi kwa nguvu za misuli. Ndiyo maana naithamini ile simu ya video ya kila wiki kuliko saa na video zote. Msiiache ipite. Wekeni simu ubavuni mwa baba, mbali kidogo, mtaalamu amwone kuanzia kichwa hadi nyayo. Magoti na mgongo ndivyo anavyotaka kuviona, uso anaujua.

Na baba aseme kweli. Nimeona wagonjwa wengi, hasa wanaume wa umri wake, wakibonyeza “nimemaliza” ili wasimvunje moyo aliye upande wa pili. Mtaalamu akisoma uongo, atapandisha kiwango juu ya mtu aliyechoka. Mwombeni mtaalamu aweke malengo mawili: dogo kwa siku zinazofuata dripu, kubwa kwa siku ambazo nguvu zimerudi, na azime vikumbusho katika zile siku ngumu. Hilo ni badiliko la kawaida kabisa, wala baba hana cha kuonea aibu.

Kiwango kinachomfaa ni kile ambacho bado anaweza kusema sentensi nzima bila kukatika, ila hawezi kuimba. Msitegemee mapigo ya moyo kwenye saa peke yake; damu ikipungua kutokana na dawa, moyo hukimbia hata kwa kazi ndogo.

Ulizeni kama kwenye dripu zake mna oksaliplatini. Dawa hiyo huleta ganzi na huufanya mwili usistahimili baridi. Akiwa na ganzi miguuni, avae viatu vilivyofungwa, ashike kitu imara, na mmoja wenu awe karibu. Kama ana kisukari, apime kabla ya kuanza na awe na kitu kitamu jirani.

Asifanye mazoezi akiwa na homa ya nyuzi 38 au zaidi, akitapika, akitokwa damu au akiona kizunguzungu; pigeni simu hospitali. Mguu mmoja ukivimba au kuuma, au pumzi ikikata ghafla, au kifua kikiuma, nendeni saa hiyo hiyo. Saratani ya kongosho ni miongoni mwa zile zinazogandisha damu zaidi, na hilo halisubiri simu ya wiki ijayo.

Tarehe ya upasuaji ikipangwa, mwambieni mtaalamu, ili mpango huu usimame siku hiyo na aandae mwingine wa baadaye. Baada ya kupasuliwa baba hataruhusiwa kunyanyua vizito wala kukaza tumbo kwa wiki kadhaa, hadi daktari aliyempasua aseme, na zile video za zamani zisibaki kwenye simu yake.