Kupaka rangi neno linalotafutwa bila kuvuruga ukurasa

Ndugu yangu, umeeleza kwamba katika JavaScript ulitumia replace juu ya innerHTML (msimbo wa HTML ulioandikwa kama maandishi) ya body ili kila neno "maji" liwekwe ndani ya mark, tagi inayopaka neno rangi, kisha vitufe vikaacha kuitikia na baadhi ya viungo vikaharibika. Hayo yalitarajiwa. Unapoiandika innerHTML upya, kivinjari hutupa matawi yote yaliyokuwemo na kujenga mengine, kwa hiyo vitufe ulivyovipa kazi kwa addEventListener havimo tena kwenye ukurasa. Unavyoviona ni vipya visivyo na kazi. Viungo navyo viliharibika kwa sababu replace haitofautishi neno linalosomwa na mtu na herufi hizo hizo zikiwa ndani ya href, yaani anwani ya kiungo.

Mimi katika kazi hii hushughulika na nodi (vipande vinavyojenga ukurasa) za maandishi peke yake, zile zenye nodeType 3, ambazo maneno yake yamo katika sifa yake iitwayo data. Zikusanye kwa document.createTreeWalker(document.body, NodeFilter.SHOW_TEXT), ukiziacha zilizo ndani ya script, style na textarea, na uziweke zote kwenye safu kabla ya kugusa hata moja. Ukizikata huku bado unatembea, hatua inayofuata itakupeleka kwenye neno lile lile ulilokwisha kulizungushia mark, utalizungushia tena, na programu haitamaliza kamwe.

Ukishapata mahali neno linapoanzia, kukata kwenyewe ni mistari michache (splitText huikata nodi mahali ulipotaja na kukurudishia sehemu ya pili; urefu ni idadi ya herufi za neno):

const neno = nodi.splitText(mahali);
const mabaki = neno.splitText(urefu);
const alama = document.createElement("mark");
neno.replaceWith(alama);
alama.append(neno);

Kisha endelea kutafuta ndani ya mabaki. Kwa Kiswahili usiridhike na indexOf, inayotafuta herufi popote zilipo, maana "maji" imo pia katika majibu, majira na majirani. Tumia usemi wa kawaida (regex) wenye \b, alama ya mpaka wa neno, pande zote mbili. Kama nafasi za maneno zinatoka kwenye seva iliyoandikwa kwa Python, jihadhari na emoji: nyingi Python huzihesabu moja moja, lakini splitText huhesabu mbili kwa kila moja, na alama zako zitasogea.

Jambo linalosahaulika zaidi ni kuondoa rangi. Ukiitoa tagi ya mark na kurudisha maneno yake, sentensi itaonekana nzima kwa macho, ilhali ndani yake kuna nodi tatu zilizopangana, na mtu akitafuta "maji safi" kwa programu yako hatapata kitu. Ita normalize() kwenye elementi mzazi, nayo itaziunganisha na kufuta zilizo tupu. Haitaunganisha maneno yaliyotenganishwa na tagi, kama vile b iliyokoleza nusu ya neno. Hapo utalazimika kuunganisha data za nodi kadhaa kwanza, ukikumbuka kila moja inaanzia wapi.

Sehemu inayosimamiwa na React, maktaba ya JavaScript inayojenga kurasa, usiikate kabisa, kwa kuwa React hushikilia nodi ilizoziunda yenyewe na huweza kuanguka isipozikuta pale ilipoziacha. Kwa sehemu hizo mimi hutumia CSS.highlights, iliyoingia Chrome toleo la 105 mwaka 2022: unaunda Range (kipande chenye mwanzo na mwisho) juu ya nodi ya maandishi, unaisajili kwa jina, na CSS inapaka rangi kupitia ::highlight() bila nodi yoyote kuongezwa wala kuhamishwa.