Hizi ukizipanda, zitaota? Kwa mnaoanza kazi ya usajili wa alama za biashara

Wadogo zangu mnaoanza kwenye ofisi za mawakili na kupewa mafaili ya BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, nina machache ya kuwaambia. Mengi niliyajifunza kwa hasara ya mteja, ndiyo maana nayaandika.

Mteja atakaa mbele yako aseme, "Jina langu nimeshalisajili, cheti hiki hapa." Kisome. Mara nyingi ni cha kampuni au cha jina la biashara. BRELA inasajili hayo, inasajili alama za biashara na huduma, inatoa na hataza, yaani haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, yote chini ya paa moja, kwa hiyo watu wanachanganya. Cheti cha kampuni hakimlindii jina lililo kwenye pakiti yake. Alama ina sheria yake ya mwaka 1986 na ombi lake. Mweleze polepole, huenda hakuna aliyewahi kumweleza.

Kisha mwombe akuletee bidhaa yenyewe uishike mkononi. Bidhaa na huduma zimegawanywa katika madaraja 45, 34 ya bidhaa na 11 ya huduma, na huku Tanzania Bara kila daraja lina ombi lake na ada yake. Mwaka wangu wa kwanza alikuja mama mmoja anayefungasha karanga. Nikasikia "karanga", nikapekua orodha, nikaziona daraja la 31 pamoja na mazao ya shambani. Nikajaza, kontrol namba ya malipo ikatoka, mama akalipa kwa simu. Miezi ikapita. Siku moja dada aliyekuwa msimamizi wangu akaiokota ile pakiti mezani kwangu, akaigeuza, akasoma kwa sauti: "Karanga za kukaanga, zenye chumvi." Akaniangalia. "Hizi ukizipanda, zitaota?"

Haziwezi kuota. Karanga mbichi ni daraja la 31, zilizokaangwa ni la 29, na siagi ya karanga ni 29 vilevile. Tukaanza upya, ada nyingine, tarehe nyingine. Tarehe ndiyo iliyoniuma zaidi, maana alama ikishasajiliwa, haki yake huhesabiwa tangu siku ombi lilipowasilishwa. Miezi yote ile mama alikuwa hana kinga, na mimi ndiye niliyemwambia alale usingizi. Nilimpigia simu mwenyewe. Akanyamaza kidogo, akasema, "Haya mwanangu, sasa andika vizuri." Tangu hapo siandiki daraja kabla sijaiona bidhaa. Nyanya ya kopo ni 29, sosi ya nyanya ni 30. Sabuni ya kuogea ni 3, ikiwa sabuni ya dawa ni 5.

Kwenye upekuzi wa majina, tumia sikio. Wengi wenu mtaandika jina kama mteja alivyolitamka, msipate kitu, mkafurahi. Msajili anaangalia mfanano wa sura, wa sauti na wa maana. Kwetu r na l zinabadilishana midomoni, basi anayeleta "Ruru" mtafutie na "Lulu". Anayeleta "Simba" mtafutie na neno la Kiingereza la simba, hata na picha yake. Mfikirie mtoto aliyetumwa dukani, anaagiza kupitia nondo za dirisha bila kuona pakiti. Akiweza kupewa ya mwingine, hilo jina lina shida, na ni bora mteja alisikie kwako kabla hajachapisha vifungashio.

Jina linaloitaja bidhaa tu, kama "Asali Tamu" kwa asali, mshauri aliache. Kila mrina asali analihitaji neno hilo.

Ombi likikubaliwa, linatangazwa kwenye jarida la alama za biashara, na zinahesabiwa siku 60 za mtu yeyote kuweka pingamizi. Usimwambie mteja "tayari" ndani ya siku hizo. Na wewe usome jarida kwa niaba ya wateja wako wa zamani, maana humo ndimo utakapomkuta anayewaiga.

Kuhusu hataza nitasema moja tu. Mvumbuzi akikuambia anaipeleka mashine yake kwenye maonyesho ya Sabasaba, mwombe awasilishe ombi kwanza. Uvumbuzi lazima uwe mpya, na kilichokwisha kuonyeshwa hadharani kinaweza kuhesabiwa dhidi yake.

Mwulize pia kama anauza Unguja au Pemba. Cheti cha Bara hakivuki bahari. Zanzibar wana sheria yao na ofisi yao, BPRA, na ombi linakuwa la pili.

Mwisho, kipindi cha kwanza cha alama huku Bara ni miaka 7, tangu kuwasilisha ombi. Baada ya hapo inahuishwa kwa miaka 10 kila mara. Waliotokea kwenye mafaili ya Kenya wamezoea 10 tangu mwanzo, na wengine wanahesabu kuanzia siku cheti kilipotoka. Mimi kwenye jalada la kila faili naandika kwa kalamu nyekundu siku ya kuwasilisha, siku ya 60 ya jarida, na siku miaka 7 inapotimia. Faili la yule mama wa karanga lina hizo tarehe tatu, na ya kuhuisha tulishaipita salama.