Baba mkwe kachonga mimbari, mume hataki kuswali mbele yake

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Mimi ni wa Lamu, nimeolewa Kelantan, Malaysia. Baba mkwe ni fundi wa nakshi. Mimbari ya msikiti wa kijijini na mbao za ubavuni mwa mihrabu ni kazi ya mikono yake. Mume wangu ameambiwa kuwa ua la yungiyungi lililochongwa pale ni la Wahindu na Wabudha, na kuswali mbele yake ni kujifananisha na makafiri. Ameacha kwenda. Mzee anaumwa, na hasemi neno.

JIBU: Wa alaykumu s-salaam, binti yangu. Hilo la mwisho ndilo lililoniuma.

Swala hapo inasihi. Katika madhehebu ya Shafi, yetu sisi na ya watu wa Kelantan, kupamba msikiti ni makuruhu, yaani jambo lisilopendeza lakini si haramu, hasa upande wa kibla, kwa kuwa kunamshughulisha mwenye kuswali. Mtume (s.a.w.) aliswali na shuka yenye nakshi, alipomaliza akaitoa, akasema imemshughulisha. Hatukupokea kwamba aliirudia swala ile.

Ama hoja ya yungiyungi, siikubali hata chembe. Mtu aliyepata riziki yake kwa kuchora picha alimwendea sahaba Ibn Abbas, naye akamwambia: ikiwa huna budi, chora miti na visivyo na roho. Hakumuuliza mti upi, wala kaumu gani wanautukuza. Yungiyungi kaliumba nani? Sayyidna Uthman alipoujenga upya msikiti wa Mtume, kuta alizifanya za mawe yenye nakshi, na dari ya msaji. Ibn Hajar, mwanachuoni wa hadithi, anasema mti huo huletwa kutoka India. Wapo waliochukia kuona jengo linabadilishwa, lakini sikuona riwaya ya mtu aliyesema mbao zile zimeota kwa waabudu masanamu! Wewe mwenyewe umekua ukipita chini ya vizingiti vya Lamu vilivyochongwa maua. Nani alikwambia umeritadi?

Na hao mafundi wa Kimalei wanajua wanachokifanya. Nakshi waiitayo awan larat, mawingu yatambaayo, kitawi chake huanzia mahali palipofichika, hupanda bila kumchoma jirani, na ncha yake huinama. Ubao wanautoboa tundu kwa tundu ili upepo upite, maana joto la kule unalijua. Aliyemfundisha mumeo kuona sanamu hapo hakuutazama ubao, alitazama jina la ua tu.

Kama macho yanamponyoka, asimame safu za nyuma, atazame pa kusujudia. Na fedha za wakfu zikitakiwa zitumike kuongeza nakshi, hapo aseme, atakuwa na haki. Lakini kumvunja moyo baba mgonjwa ni jambo zito kuliko makuruhu ya ubao. Mwambie akae kitandani pa baba yake, amwombe radhi, kisha amuulize kila ua jina lake na alilichonga vipi. Mzee akipata nafuu ya kupanda gari, Ijumaa ampeleke yeye mwenyewe, waswali bega kwa bega.