Dume ndiye anayeita: kwa wanaoanza kuwinda bata mzinga mwitu Kentucky

Kabla hujanunua chochote, elewa jambo moja kuhusu bata mzinga mwitu majira ya machipuko: dume hulia ili jike amfuate. Jioni anapanda mtini kulala, alfajiri anaanza kupiga kelele hukohuko juu, na majike wanaomsikia ndio wanaotembea kwenda kwake. Wewe uliyejibanza chini ya mwaloni ukiigiza sauti ya jike unamtaka avunje desturi, aje yeye. Mara mojamoja anakuja mbio. Mara nyingi anafika nusu ya njia, anasimama, anakungoja wewe umalizie. Karibu kila ninalosema hapa chini linatokana na hilo.

Naandika kwa ajili ya ndugu zetu waliohamia jimbo la Kentucky, Marekani, kwa kuwa ndiko ninakowinda na kila ikifika Machi naulizwa maswali yaleyale. Mengi ni ya karatasi, basi tuanze na hayo.

Sheria ya shirikisho inamkataza mtu asiye na kibali cha kuwepo Marekani kushika bunduki, hata ya kuazima, hata ya kupigiwa nayo picha. Mwenye viza ya muda, mwanafunzi kwa mfano, naye amekatazwa isipokuwa kwa masharti maalumu, mojawapo likiwa ni kuwa na leseni halali ya uwindaji. Wenye grini kadi na waliopokelewa kama wakimbizi hawamo kwenye katazo hilo, ila kuna makatazo mengine yanayomhusu kila mtu, kama vile kuwahi kutiwa hatiani kwa kumpiga mwenza. Ukiwa na shaka hata kidogo, muone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kuona duka la bunduki. Usimsikilize rafiki anayesema "mbona mimi nilinunua tu".

Ukishavuka hapo, ukiwa umezaliwa tarehe 1 Januari 1975 au baadaye, jimbo linataka cheti cha mafunzo ya uwindaji. Halafu leseni ya uwindaji, na juu yake kibali cha bata mzinga wa machipuko. Msimu hufunguliwa Jumamosi ya katikati ya Aprili na hudumu siku 23. Unaruhusiwa ndege wawili kwa msimu mzima, mmoja kwa siku, na awe na ndevu, yaani ule mshungi mweusi wa manyoya magumu unaoning'inia kifuani. Majike wachache nao huota ndevu. Jike mwenye ndevu ni halali kwa sheria, lakini mimi namwacha apite: Aprili ana mayai tumboni au kiotani. Kumwaga mahindi ili kuwavuta, kutumia spika ya kielektroniki, na kumpiga ndege akiwa amelala mtini, yote hayo ni makosa. Ukimwangusha, andika kumbukumbu papo hapo kabla ya kumhamisha, kisha umripoti kwa simu au mtandaoni siku hiyohiyo.

Maafisa wa wanyamapori hawana mzaha na ndege huyu, na wana sababu. Kufikia miaka ya 1930 alikuwa karibu kutoweka nchini kwa kuwindwa hovyo na misitu kufyekwa. Wakajaribu kufuga vifaranga na kuwaachia porini, wakafa. Kilichofanikiwa ni kuwanasa ndege wa porini kwa nyavu zinazorushwa kwa baruti na kuwahamishia kwenye misitu iliyobaki tupu. Sehemu kubwa ya gharama imetoka kwenye ada za leseni na ushuru wa silaha na risasi uliotengwa kwa ajili ya wanyamapori na sheria ya mwaka 1937. Leo wapo katika kaunti zote 120 za Kentucky, na pesa ya kibali chako inaingia kwenye mfuko huohuo.

Ardhi ndiyo itakayokusumbua kuliko bunduki. Sehemu kubwa mno ya jimbo ni mashamba ya watu. Msitu wa Taifa wa Daniel Boone upo, uko wazi, ni mkubwa, ila una wawindaji wengi na ndege waliokwisha kusikia kila aina ya filimbi. Kwa hiyo utahitaji kubisha hodi. Nenda Februari, mchana, kwa nguo za kawaida, bila bunduki garini, na kama una mtoto mwende naye. Jitambulishe, sema unakaa mji gani na unafanya kazi wapi, uliza kama anaruhusu watu kuwinda bata mzinga machipuko tu. Wengi watakataa. Atakayekubali, muombe aandike mstari mmoja na namba yake ya simu, na kila siku unayokwenda mpigie mbele. Majirani wakiona mtu mweusi wasiyemjua ana bunduki kichakani kabla ya jua kutoka, simu hiyo ni bora uwe umeipiga wewe kwanza. Uzio ukiuona umelegea, kaza. Nyama ikipatikana, mpelekee.

Vifaa visikutie kichaa. Bunduki ya marisau geji 12 au 20 inatosha, yenye kibano kilichobana mdomoni mwa mtutu. Kilicho muhimu ni kuipima kwenye karatasi. Chora kichwa na shingo, rudi nyuma mita 30, piga, kahesabu marisau yaliyoingia ndani ya mchoro. Kisha 35. Umbali ambao marisau yanaanza kutawanyika na kuiacha shingo ndio mwisho wako, haidhuru pakiti ya risasi imeandikwa nini. Kwa vifaa vya kuitia, anza na kisanduku cha mbao chenye kifuniko kinachosuguliwa. Filimbi ya kinywani ni tamu kwa kuwa inaacha mikono huru, lakini inahitaji majuma ya kuwakera watu nyumbani.

Jioni ya kuamkia siku yenyewe ni kazi ya masikio. Simama barabarani jua likizama, usikilize. Watu huigiza bundi, na dume aliyeko mtini anajibu bila kukusudia. Kunguru akilia pia anajibu. Ukishajua amelala wapi, asubuhi uwe umekaa ikiwa bado giza, mita 100 hadi 150 kutoka kwake, usisogee zaidi. Katikati ya Aprili jua la mji wa Louisville huchomoza baada ya saa kumi na mbili asubuhi, karibu na saa moja, kwa hiyo saa kumi na moja uwe tayari unatembea.

Sasa mahali pa kukaa, na hapa wageni wengi wanapoteza ndege. Tunapenda kuona mbali, tunakaa ukingoni mwa uwanda. Lakini dume anakuja kumtazama jike. Akifika mita 80 akaona uwanda mtupu, jike hayupo, anasimama palepale na kuanza kulia. Hatasogea. Kaa mahali ambapo kilima au kona ya njia inamzuia asione mpaka awe ndani ya umbali wa bunduki yako, ili hatua anayopiga kumtafuta jike iwe ndiyo hatua inayomleta. Angalia pia kati yenu kusiwe na kijito wala uzio. Ana mabawa, lakini kitu kidogo kama hicho kinatosha kumkatisha tamaa. Egemea mti mpana kuliko mabega yako. Kama unatumia mkono wa kulia, bega la kushoto lielekee unakomtarajia.

Mwite kwa upole akiwa bado mtini, mara moja au mbili. Akijibu, weka kisanduku chini. Najua ni vigumu. Sauti yake ikikujibu kutoka gizani mwili mzima unataka kujibu tena. Ukiendelea kuita unamthibitishia kwamba jike ni mwenye hamu na yu njiani, basi yeye anatulia kumngoja. Ukinyamaza anaanza kujiuliza kaenda wapi. Nyamaza nusu saa. Asiposikika, nyamaza nyingine.

Utamsikia kabla ya kumwona. Kuna mpumuo mfupi, "tsss", halafu mngurumo wa chini sana ambao unauhisi kifuani kuliko unavyousikia. Kisha majani makavu yanakwaruzwa: ni ncha za mabawa, dume amejitutumua, mkia ameutandaza, anatembea kwa madaha. Kichwa kina nyekundu, nyeupe na buluu kwa pamoja, na rangi zinabadilika unavyotazama. Pua yake si kitu, lakini macho yake yanaona karibu pande zote na yanakamata kidole kinachosogea. Inua bunduki pale tu kichwa kinapopita nyuma ya mti, au anapogeuka na mkia ukamfunika macho. Usipige akiwa amejitutumua, maana shingo imezama kwenye manyoya. Toa mlio mmoja mkali, atanyoosha shingo. Lenga pale manyoya yanapoanzia shingoni.

Asubuhi ikipita bila kitu, usirudi nyumbani kunywa chai. Alfajiri madume wengi wamezungukwa na majike halisi, na wewe huwezi kushindana nao. Baadaye majike wanajitenga kwenda kutaga, na wakishaanza kuatamia, kazi ya siku 28, dume anabaki peke yake. Saa nne mpaka saa sita mchana ni saa zangu ninazozipenda, na msituni hakuna watu.

Lakini kama wapo, hapa sitanii. Kila mtu amevaa mabakamabaka, kila mtu anatoa sauti ya jike. Usivae chochote chenye nyekundu, nyeupe wala buluu, hata soksi, hata fulana ya ndani. Mashabiki wa Simba mtanisamehe. Usinyemelee sauti ya ndege kamwe, inaweza kuwa ni mtu na filimbi yake. Ukimwona mwindaji mwingine anakuja, usipunge mkono wala kuinuka. Paza sauti ya kibinadamu: "Niko hapa!" Na ukibeba ndege wako kurudi garini, mfunike kwa kitambaa cha rangi ya chungwa.

Kupe nao. Unakaa chini kwa saa nyingi kwenye majani, na kupe wa huko mwenye doa jeupe mgongoni anaweza kukuachia mzio wa nyama nyekundu: ng'ombe, mbuzi, nguruwe, vyote. Kwa watu wetu wa nyama choma hiyo ni adhabu kubwa. Nyunyizia nguo dawa ya permethrini siku moja kabla, ingiza suruali ndani ya soksi, jikague mwili mzima ukirudi.

Ndugu Waislamu: taja jina la Mwenyezi Mungu unapofyatua, na kisu kiwe kiunoni, si ndani ya begi. Ndege aliyepigwa kichwani hupigapiga mabawa muda kidogo. Ukimkuta yu hai, mchinje. Aliyekufa kwa marisau kabla ya kisu, wanazuoni wametofautiana. Muulize sheikh wako kabla ya msimu, si ukiwa umemshika ndege mkononi.

Jikoni, msahau yule wa dukani. Huyu amekimbia maisha yake yote, hana mafuta. Kidari kikate vipande vyembamba, kikaange haraka au kiende kwenye pilau. Mapaja yamejaa kano ngumu: yachemshe taratibu kwa muda wa saa tatu au zaidi mpaka nyama iachane na mfupa, ndipo uweke nazi. Usiuze hata kipande, kuuza nyama ya porini ni kosa. Na waambie watoto watafune polepole, marisau huwa yanabaki.