Machinga: kabila, kazi au Kiingereza?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mmachinga wa Lindi, kwa baba na kwa mama. Binti yangu anasoma darasa la tano huko Dar es Salaam. Juzi waliulizwa makabila yao, akasema yeye ni Mmachinga, darasa zima likaangua kicheko na mmoja akamuuliza anauza mikanda bei gani. Karudi nyumbani analia. Kaka yangu naye anadai neno lenyewe ni la Kiingereza, eti halituhusu. Kipi kilitangulia, kabila au kazi ya kutembeza bidhaa mitaani? Na tuandikeje: machinga, mmachinga au wamachinga?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Kabila ndilo lililotangulia, na kazi ililirithi jina. Kaka yako umwambie taratibu kwamba hadithi ya Kiingereza ni ya vijiweni.

Naijua hadithi hiyo, nimesimuliwa mara nyingi na watu wenye shahada zao. Eti Wazungu waliwaona vijana wakipita mitaani na bidhaa mikononi, wakawaita "marching guys", vijana wanaokwenda kama wako kwenye gwaride. Inachekesha, ila masikio ya Kiswahili hayaikubali. Tazama maneno ya Kiingereza ya umbo hilo tulivyoyapokea: mitingi, pakingi, treningi. Yote tumeyamalizia kwa i. Kwa mwendo huo tungepata "machingi", na nyuma yake "gai". Hiyo a ya mwisho imetoka wapi? Na nani Kariakoo aliyekuwa akiwapa wachuuzi majina kwa Kiingereza?

Sasa tega sikio huku kwetu. Wamakonde. Wamakua. Wamatumbi. Wamachinga. Hilo ma- la mwanzoni limekaa kwenye majina ya watu wa Kusini tangu kabla Kiswahili hakijayawekea m- na wa- zake juu. Ndiyo maana jina linasikika kama limevaa kofia mbili, wa- juu ya ma-. Kaskazini ya Lindi mjini kuna Mchinga, na Malawi kuna wilaya iitwayo Machinga, ambako Wayao wana tawi lao la Amachinga. Jina lenye ndugu wengi namna hiyo halihitaji kutafutiwa baba Uingereza.

Kabila kugeuka jina la kazi si jambo la ajabu. Karne ya 19 ukisema Mnyamwezi pwani, watu walimwona mpagazi mwenye mzigo begani. Kichagga kina "mangi", naye ni mtawala, mtu wa kuinamiwa. Leo Dar es Salaam mangi ni mwenye duka la pembeni anayekupimia sukari robo. Sijawahi kumsikia Mchagga akilalamika. Nadhani ni kwa sababu mwenye duka ana mlango wa kufunga usiku. Machinga hana mlango, na kicheko cha lile darasa kimetokea hapo.

Kwa nini basi Wamachinga, wasiwe Wagogo au Wapare? Hapa inabidi niiache sarufi kidogo.

Kusini imewahi kuahidiwa uchumi mpya zaidi ya mara moja. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga, Nachingwea ikiwa moja ya sehemu zake. Bandari ya kina kirefu ikajengwa Mtwara, reli ikatandikwa kwenda bara. Karanga hazikukubali, mradi ukafa mwaka 1951, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikang'olewa. Ikabaki korosho. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna kama tani 145,000, nyingi zikitoka huku kwetu, na viwanda vya kubangua vikajengwa kwa mikopo. Kisha watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa, mikorosho ikaachwa mbali na nyumba, ugonjwa wa ubwiri unga ukaingia, bei ya mkulima ikawa ya kukatisha tamaa. Katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Viwanda vingi vilikaa kimya, vingine vikaja kugeuzwa maghala ya kuhifadhia korosho ghafi inayosubiri meli ya kwenda India kubanguliwa huko. Neno "kiwanda", kwa kukumbusha tu, ni ndugu wa kiwanja na uwanda. Zamani lilimaanisha eneo la wazi ambapo mafundi hufanyia kazi. Viwanda vyetu vilikuwa vimerudia maana ya babu zetu, uwanja mtupu.

Kijana wa Lindi afanyeje? Alipanda gari akaenda Dar es Salaam, safari ya siku kadhaa wakati wa masika, maana Mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003. Alikofika nako ajira za viwandani na serikalini zilikuwa zikipungua, na masharti ya wakopeshaji wa nje baada ya 1986 yalizidi kuzikaza. Ila milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa, mitumba na bidhaa za madukani zimejaa, na zilihitaji miguu ya kuzitembeza. Vijana wa Kusini wakaitoa miguu hiyo. Mji haukuuliza nani Mmwera, nani Mmakonde, nani Mmachinga. Wote wakaitwa Wamachinga. Kufikia miaka ya 1990 mwanzoni, Msukuma na Mhaya wakifanya kazi ileile nao wakaitwa hivyohivyo.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa stendi ya Lindi nikisubiri basi la Mtwara. Kijana mmoja alikuja na mikanda imening'inia kwenye mkono wa kushoto, mkono wa kulia kashika chuma cha kutobolea matundu. Alinizungushia mkanda kiunoni kabla sijasema neno, akautoboa tundu la ziada, kisha ndipo akataja bei: elfu saba. Nikamuuliza mkanda wenyewe unamfikia kwa ngapi. Elfu tano, akasema, lakini hajaulipia. Ni mali kauli. Sikiliza neno hilo, mali kauli, mzigo unaotolewa kwa ahadi ya mdomo. Mwenye duka anampa asubuhi, jioni analetewa chake, na mkanda usiouzika unarudi. Katika "mshahara" mumefichwa mwezi, kwani shahr kwa Kiarabu ni mwezi. Anayeulipa anakubali kukujua kwa siku 30. Hata kibarua anatokana na barua, kile kikaratasi alichopewa mtu kuonyesha kuwa kazi ameifanya. Mali kauli haina mwezi wala karatasi. Yule kijana anamfanyia kazi mwenye duka kutwa nzima, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba ni mfanyakazi wa mtu.

Nikamuuliza kwao wapi. "Sumbawanga, mzee. Mimi Mfipa." Nikamwambia basi wewe ni machinga uliyekuja nyumbani kwa Wamachinga. Akanikodolea macho. "Kwani ni kabila?" Mama mmoja aliyekuwa na sinia la korosho za kukaanga akajibu bila kugeuka, "Tupo hapa, umepanga biashara mlangoni petu."

Umeuliza pia, kwa namna fulani, kama ni tusi. Lilikuwa likielekea kuwa tusi, kisha siasa ikaliokota. Mwaka 1983 ilipopitishwa Sheria ya Nguvu Kazi, mtu asiye na kazi inayotambulika mjini aliitwa mzururaji, akakamatwa na kurudishwa kijijini. Huyo mzururaji hakuwa na chama cha kumsemea, na mwanasiasa hakupoteza kitu kwa kumfukuza. Wakati ule mwenye sauti alikuwa mfanyakazi wa kiwandani na ofisini, mwenye mshahara na kadi yake. Watu hao walipopungua na wale wa barabarani wakaongezeka, hesabu za kura zikageuka. Desemba 2018 Rais Magufuli alitoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000 kila kimoja. Jina rasmi lilikuwa hilo refu, lakini mtaani vikaitwa vitambulisho vya machinga, na muda si mrefu viongozi nao wakawa wanasema machinga jukwaani bila kung'ata ulimi. Mwaka 2021 walipoondolewa pembezoni mwa barabara za miji mikubwa, neno lililotumika lilikuwa "kuwapanga". Mzururaji hufukuzwa, machinga hupangwa. Usafiri wa kutoka kitenzi kimoja hadi kingine umechukua karibu miaka 40, ingawa meza iliyovunjwa ni meza iliyovunjwa.

Nitachomekea hili kwa sababu niko Mtwara. Mwaka 2013 watu wa hapa walipoandamana wakisema gesi haitoki, wengi nje waliona ni ukaidi wa mkoa mmoja kuikatalia nchi. Mimi nilikuwa nikiwasikia wazee wa mtaani kwangu wakihesabu kwa vidole: reli iliondoka, korosho huondoka na maganda yake, vijana waliondoka. Bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam lilikuwa kidole cha nne.

Turudi kwenye kalamu. Ukimaanisha kabila, andika kwa herufi kubwa: Mmachinga, Wamachinga, na lugha ni Kimachinga. Ukimaanisha kazi, herufi ndogo, na hapo una njia mbili zinazokubalika. Ya kwanza ni machinga kwa umoja na wingi, upatanisho ukiwa wa viumbe hai: machinga huyu amefika, machinga hawa wamefika. Usikubali "machinga haya yamefika". Ma- hii si ya wingi kama ile ya maembe. Ya pili ni mmachinga na wamachinga, nayo imeenea magazetini. Mimi naipendelea ya kwanza kwa sababu ya binti yako: ikiwa mfanyabiashara ataitwa machinga tu, umbo la Mmachinga litabaki kuwa lenu. Shughuli yenyewe ni umachinga, kama ualimu na uvuvi. Kuhusu "mchuuzi", hilo ni neno la zamani na bado ni zima, ila mchuuzi aweza kukaa na genge lake mahali pamoja, wakati machinga kwa asili anatembeza.

Neno jipya linalovuma Kariakoo sasa ni "winga", yule asiye na duka wala bidhaa, anayekudaka barabarani akupeleke dukani na kuongeza chake juu ya bei. Hilo kweli ni la Kiingereza, limetoka uwanja wa mpira. Kaka yako amelikosa kwa neno moja.

Mwalimu wa binti yako akiuliza tena, binti na aseme: Mmachinga, wa Lindi, herufi kubwa.